Shemeji Anayeyusha Risasi Ndani ya Sufuria la Maharage

Shangazi Borghild,

Kwanza pole na baridi. Pili nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho, maana barua hii nimeianza na kuichana, nimeianza na kuichana, na kila nikiisoma naona kama imeandikwa na mlevi, na mimi pombe niliiacha Kentucky pamoja na mke wangu na mbwa wangu na vitu vingine vyote vizuri. Shida yangu ni kwamba nataka kumtoa mtu mzima jikoni bila kupoteza kazi, bila kulala nje kwenye theluji, na bila mke wangu kuniona mchonganishi, na sijui nianzie wapi.

Naitwa Garlan. Nafanya kazi ya kuvuta mabomba kwenye mtambo wa mafuta, upande wa magharibi wa mji wa Williston huku kaskazini, na shule niliiacha mapema kwa hiyo utanisamehe nikikosea. Gazeti lenu hufika kwenye kibanda chetu cha kulia likiwa limefungia soseji za mtu, na ukurasa wako huwa tunausoma kwa sauti, ndiyo maana najua wewe si mtu wa kubembeleza. Naishi kwenye trela na shemeji yangu Delbert, kaka mkubwa wa mke wangu Raelene. Delbert ndiye aliyenitafutia kazi, Delbert ndiye nyapara wa zamu yetu, trela ni lake, gari tunalopanda ni lake, hata blanketi ninalojifunika ni lake, lina picha ya kulungu anayenitazama. Ni mtu mwema. Hilo liandike kabisa, kwa sababu yatakayofuata yatamfanya aonekane vingine.

Delbert hanunui risasi dukani. Ana bunduki ya babu yake, na anasema risasi za dukani zinaitukana. Anachofanya ni kwenda gereji kuomba vile vizito vinavyobandikwa kwenye magurudumu ya magari, vya zamani, vya madini ya risasi, anaviyeyusha, anamimina kwenye kalibu, kile chuma chenye mpini na matundu ya umbo la risasi, anapata risasi zake mwenyewe za kuwindia. Baba yake alifanya hivyo na babu yake alifanya hivyo, na huko kwetu milimani jirani akisubu risasi, yaani akiziyeyusha na kuzimimina mwenyewe, hakuna anayegeuza shingo. Lakini wale wote walisubu nje, chini ya paa la banda, kwa sababu Kentucky mtu anaweza kusimama nje akaendelea kuwa na masikio. Huku ukisimama nje mwezi huu, sharubu zinakatika kama tambi kavu. Basi Delbert amehamishia kiwanda jikoni.

Jumapili ndiyo mapumziko yetu. Akishakunywa kahawa anaweka sufuria zito la chuma jikoni, anawasha moto, anajaza vizito, na madini yakishayeyuka anatupia kipande cha mshumaa ili uchafu uelee juu, basi trela zima linanuka kanisa, kisha anaukwangua ule uchafu wa kijivu kwa kijiko na kuutia kwenye kopo la kahawa lisilo na kifuniko, na kopo hilo linakaa bega kwa bega na kopo la kahawa lenye kahawa. Madirisha yote tumeyabandika plastiki tangu theluji ianze. Juu ya jiko kuna feni, anaiwasha kwa fahari kama mtu anayefuata sheria, lakini nimelifuata bomba lake kwa macho na kwa mkono, Shangazi, haliendi popote. Linavuta hewa ya jikoni na kuipuliza sebuleni, kwenye kiti changu.

Nilimuuliza kwa heshima zote. "Shemeji, madini haya si yana sumu?"

"Sumu kwa nani?"

"Kwa watu."

"Babu yangu amesubu risasi tangu ujana wake, akafa mzee kabisa."

"Alikufa na nini?"

"Punda alimpiga teke."

"Sasa hiyo inaonyesha nini?"

"Inaonyesha kwamba hatari ni punda. Umeona punda humu ndani?"

Nikasema sijaona. Akasema, "Halafu hizi sharubu unadhani ni za urembo? Vumbi halipiti hapa, bwana mdogo." Akasema hayo huku vidole vile vile vilivyokuwa vinapanga risasi vikiingia kwenye kikopo cha tumbaku, vikachota tonge, vikalisukuma ndani ya shavu. Mtu akishaweka mlinzi mlangoni halafu yeye mwenyewe akapitisha mwizi dirishani, mimi nimwambie nini? Na akimaliza kazi anakunywa mtindi glasi nzima, anasema mtindi unafukuza madini tumboni, alifundishwa na mtu mmoja wa mji wa Hazard huko kwetu ambaye simjui na sitaki kumjua.

Baadaye akaanza kuzipaka rangi. Anazitikisa risasi kwenye debe lenye rangi iliyosagwa kama unga, kisha anazipanga kwenye oveni ndogo ya mezani, anazioka kama kaki mpaka rangi ishike. Oveni hiyo ndiyo naokea mkate wangu wa asubuhi. Siku moja natoka na mkate, nautazama, nikamwita.

"Shemeji, mkate wangu una rangi."

"Rangi gani?"

"Samawati."

"Basi kula, hiyo imekauka vizuri. Nyekundu ndiyo bado inanisumbua."

Nilikula, Shangazi. Nilikuwa nimechelewa na gari lilikuwa linanguruma nje.

Sasa nikwambie ujinga wangu mwenyewe. Nilichukua kalibu yake nikaifukia kwenye theluji nyuma ya trela, nikidhani akiikosa atachoka. Aliiona, kwa sababu niliacha mpini nje. Akaipangusa kwa suruali, na yeye ana mazoea ya kuchovya pembe ya kalibu kwenye madini yanayochemka ili ipate moto kwanza, akachovya. Kilichotokea sijui nikielezeje, ni kama sufuria lilipiga chafya. Madini yaliruka mpaka dari, na mpaka leo yapo pale juu yameganda, yananing'inia kama kiwele cha mbuzi. Delbert alikuwa amevaa miwani yake ya kazi, Mungu ashukuriwe, akapoteza nusu ya nyusi moja na shati likatoboka. Akatema tumbaku, akasema, "Nani aliweka kalibu yangu kwenye theluji?"

Nikasema labda sungura.

"Sungura wa huku," akasema, "wana akili kuliko watu fulani wa zamu yangu."

Nikaacha vita. Nikajiambia sisi ni wanaume wawili ambao tabia zetu zimeshakomaa, tukioza tutaoza pamoja. Kichwa kinaniuma, mdomoni nasikia ladha ya sarafu, choo kimenikataa, lakini kazi yetu hii mtu hawezi kujua ni sumu au ni uchovu, sote tunatembea kama tumefukuliwa. Delbert naye juzi alikwenda kazini na viatu viwili vya kushoto, akafoka siku nzima kwamba kampuni imebadilisha ardhi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni maharage. Jumapili iliyopita Delbert alipika maharage, na yeye akipika anapika kweli, nikala sahani mbili nikamwambia, "Leo umejitahidi, umeweka nini humu?"

"Mafuta ya nguruwe, na sufuria la mama."

"Sufuria la mama liko wapi? Sijawahi kuliona."

Akanitazama kama nimemuuliza jua liko wapi. "Si hilo hapo jikoni."

"Hilo si la madini?"

"Asubuhi la madini. Jioni la maharage."

"Shemeji. Umeliosha?"

"Nimelipangusa, nimelipaka mafuta, limerudi kama jipya. Chuma hakioshwi kwa sabuni. Wewe ulilelewa wapi?"

Na hapo ndipo aliponifunga mdomo, maana ni kweli, kwetu sufuria la chuma haliguswi na sabuni, linakuwa jeusi na laini kwa mafuta ya miaka yote, na mkwe akikukuta na sabuni juu ya kikaango chake anaweza kususa ubatizo. Mimi mwenyewe sijawahi kuosha chuma kwa sabuni. Nilikaa na kijiko mkononi nikihesabu Jumapili, nikaacha kuhesabu.

Sasa sikiliza. Raelene ni mjamzito. Tumbo limeshatokeza, na mwisho wa mwezi anapanda basi kuja kuishi nasi huku, kwa sababu amechoka kuzungumza na mume kwa simu. Sufuria lile ni lake. Mama yao alipokuwa anakufa alisema wazi kwamba ni la Raelene, Delbert alilichukua tu alipokuja kaskazini ili amtunzie. Na juzi Raelene amenipigia simu.

"Sufuria la mama lipo?"

"Lipo."

"Kaka analitumia, au limekaa tu?"

"Analitumia kila Jumapili."

"Anapika nini?"

"Vitu vizito," nikasema.

Akacheka kwa furaha, akaniambia mimba hii haitaki kitu kingine chochote duniani, ni maharage ya kwenye sufuria la mama na mkate wa mahindi, na kwamba siku ya kufika hataki kupumzika, atavua koti na kuinjika.

Nikimwambia Raelene, atajua kaka yake ameharibu kitu pekee mama yao alichomwachia, na Delbert ndiye aliyemlea baada ya mama kufa, sitaki mimi niwe ndiye niliyewagombanisha. Nikimwambia Delbert kwa ukali, huyo ni mtu aliyewahi kumrudisha fundi Texas kwa sababu alisema vibaya juu ya supu yake. Nikinyamaza, mtoto wangu atalishwa vizito vya magurudumu kabla hajazaliwa. Nimefikiria kulificha sufuria, lakini umeshaona nikificha kitu kinatokea nini. Niambie la kufanya, na uniambie taratibu.

Wako,
Mchovu wa Mabomba

Nimesahau: majina nimeandika ya kweli kwa sababu sijui kudanganya kwa kalamu. Tafadhali yabadilishe.

SHANGAZI BORGHILD ANAJIBU

Mchovu,

Majina nimeyabadilisha, usiogope, ingawa mtu yeyote aliyewahi kuona nyapara mwenye nyusi moja na nusu hatahitaji msaada wangu. Taratibu sina. Umeniomba pia nisicheke mpaka mwisho, nikajitahidi mpaka kwa punda. Ulipofika kwenye maharage kicheko kilikuwa kimekwisha.

Mkeo haingii ndani ya trela hilo likiwa kama lilivyo. Hilo ndilo la kwanza, na hata ukiisahau barua yote hii usilisahau hilo. Madini ya risasi yakiingia kwenye damu ya mama yanavuka moja kwa moja kwa mtoto, na mtoto aliye tumboni hana pa kujificha. Yanagusa ubongo wake ukiwa bado unaumbwa. Hakuna daktari atakayekuambia kiasi fulani ni salama, kwa hiyo usikae hapo unajiuliza kijiko kimoja au viwili.

La pili, wewe na Delbert mnakwenda zahanati kupimwa damu wiki hii hii. Mwambieni muuguzi kwa maneno wazi: tunasubu risasi jikoni na tumekula kwenye sufuria lake. Atakuwa amesikia mambo ya ajabu zaidi, huku ni kwenye visima vya mafuta. Kichwa, ladha ya sarafu, choo kukataa, hasira, viatu viwili vya kushoto, hayo yote yanaweza kuwa uchovu na yanaweza kuwa sumu, na anayejua tofauti ni kipimo cha damu peke yake, siyo wewe wala yule mtu wa Hazard. Mtindi ni mzuri kwa mifupa. Haufukuzi chochote. Raelene naye amwambie mkunga wake kabla hajapanda basi, ili akifika apimwe pia kama watasema inafaa.

Sasa wewe. Ulifukia kalibu kwenye theluji. Ulidhani theluji ni nini, unga wa ngano? Ni maji, na tone moja la maji likizama ndani ya madini yaliyoyeyuka linageuka mvuke kwa kishindo na kuyarusha yote usoni kwa mtu. Nusura umkoseshe Delbert macho yote mawili, na kilichomwokoa ni miwani yake, ambayo kwa kweli ndicho kitu pekee cha akili nilichokiona katika barua yako nzima. Utamwambia kwamba sungura ni wewe. Anajua, lakini utamwambia.

Marehemu mume wangu Arvid alikuwa akisubu vizito vya ndoano za kuvulia, kila majira ya baridi, kwa hiyo usidhani naongea kama mtu anayechungulia tu kutoka dirishani. Mwaka wa kwanza aliyeyushia kwenye kikaango changu cha mkate wa viazi. Mwaka wa pili alikuwa na banda lake, sufuria lake, upawa wake, na ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na alikuwa akivua nguo za kazi kwenye baraza akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, majirani wakimpungia mkono. Hakuna kilichotokea katikati ya miaka hiyo miwili ila mazungumzo mafupi.

Na wewe Delbert, najua unasoma, kwa sababu soseji zako pia zinafungwa kwa gazeti hili. Sikuzuii kusubu. Unatazama hatari mahali ambapo haipo. Unakodolea macho moshi wa mshumaa, na kinachokula watu ni lile vumbi la kijivu unaloliweka jirani na kahawa. Linakaa kwenye vidole, vidole vinaingia kwenye tumbaku, tumbaku inaingia shavuni. Sharubu zako hazichuji hata nzi. Barakoa ya kweli ya vumbi hilo inataka kubana uso, na sharubu kama hizo zinaifungulia mlango, kwa hiyo ukitaka kujilinda kwa sharubu, zinyoe.

Utasubu nje au kwenye banda utakalojijengea, lililofunguliwa milango, upepo ukitoka mgongoni kwako na kuondoka na uchafu. Kama baridi ni kali mno, subiri baridi iishe, kulungu hawana pa kwenda. Utakuwa na sufuria lako na upawa wako ambavyo havijui chakula ni nini. Uchafu wa juu unatiwa taratibu kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, limeandikwa kwa herufi ambazo hata Garlan, au vyovyote nilivyomwita, anaweza kuzisoma akiwa amechoka. Betri kuukuu za magari usiyeyushe hata ukipewa bure, hizo ni sumu juu ya sumu. Hakuna kula, kunywa wala kutafuna mpaka umenawa mikono na uso kwa sabuni. Ndiyo, sabuni. Wewe si chuma. Nguo na viatu vya kazi hiyo haviingii ndani, na nguo zinafuliwa peke yake. Mtoto na mama mjamzito hawakaribii.

Tukirudi kwako, Mchovu. Kabla ya kugusa chochote, piga simu ofisi ya afya ya wilaya, waeleze, waulize jinsi ya kupima vumbi la ndani, na uliza pia kile kiwele cha mbuzi kwenye dari kibanduliwe vipi. Wao wanajua zaidi yangu na hawatozi kwa kuulizwa. Kisha mnasafisha trela wawili, wewe na Delbert, kabla basi halijafika. Hakuna kufagia kavu, ufagio unaliamsha vumbi liende mahali jipya. Hakuna mashine ya kawaida ya kufyonza, inafyonza mbele na kupuliza nyuma, kama ile feni yenu. Ni matambara ya maji na sabuni, sakafu, meza, rafu, vitasa, mkipangusa mnatupa tambara, mnachukua lingine, mpaka mchoke, halafu mnarudia. Zulia la jikoni na sebuleni linakunjwa likiwa na unyevu na linatoka. Kahawa iliyokaa pale inatupwa. Oveni ndogo Delbert ataihamishia bandani iwe ya rangi zake daima, na wewe utaoka mkate kwenye oveni nyingine, mkate uwe na rangi ya mkate. Mpaka ofisi ya afya iseme trela liko sawa, Raelene atalala kwingine. Kanisa letu hapa mjini lina chumba cha wageni, na mimi ndiye mwenye ufunguo. Chumba kina baridi kidogo na picha mbaya ya ziwa. Akifika aulizie mimi.

Sufuria sasa. Najua unatarajia niseme lisuguliwe, lichemshwe, lichomwe, lipakwe mafuta upya. Hapana. Chuma kile kina vinyweleo, kimekunywa madini na mafuta kwa pamoja, na hata kama mngevunja mwiko na kutumia sabuni yote ya wilaya hii, halirudi mezani. Wala msiliache jikoni na alama ya rangi nyekundu, rangi itachubuka, na siku moja mtu mwenye njaa na nia njema atalikuta, atalipenda, ataliinjika. Delbert atalitoboa tundu kitako. Nje, kwa mkono wake mwenyewe, nguo za kazi mwilini, vipande vikusanywe. Likishatoboka halitapika na halitayeyusha, litakuwa kumbukumbu ya mama yao, na Raelene ndiye atakayesema liwekwe wapi. Mimi ningelizungushia waya na kulitundika nje juu kabisa ya ukuta wa banda, ambako hakuna mkono wa mtoto.

Kuhusu kumwambia Delbert. Usimwambie jikoni, huko ndiko anakojiona mfalme. Mwambie ndani ya gari mkienda kazini, yeye akiwa ameshika usukani, kwa sababu mtu anayeendesha kwenye barafu hawezi kusimama na kukufokea. Usitaje sumu, ameshazoea neno hilo. Usitaje sheria. Sema hivi: "Delbert, ukiacha mimi, mtoto huyu atakuwa na mwanaume mmoja tu wa karibu huku kaskazini, mjomba wake." Kisha nyamaza. Umesema ni mtu mwema, ukasisitiza niandike, nimeandika. Mpe nafasi ya kuwa hivyo. Aliyemlea dada yake mpaka akaolewa hatakataa kubeba zulia. Na kama atakufukuza kazi kwa maneno hayo, njoo kwa Shangazi, najua wenye visima wawili wanaotafuta watu wa mabomba na hawapiki maharage.

Lakini ya Raelene hayangoji gari wala Jumapili. Mpigie leo, ukishamaliza kusoma, kabla hajafunga sanduku. Usianze na hali ya hewa. Mwambie ukweli wote kwa mpangilio: sufuria limeharibika, hatapikia humo kamwe, trela linasafishwa, ana chumba kanisani, na maharage yatamsubiri kwenye sufuria jipya kabisa. Atalia. Ni sufuria la mama yake, mwache alie, usimkatize na usimwambie tena "vitu vizito". Akimaliza kulia atavuta pumzi na kuuliza ni nani aliyefanya hivyo.

Hapo, mpe Delbert simu.